Rangi za Jikoni kwa Michezo ya Watoto

Mtoto hahitaji mwanasesere wa dukani ili acheze. Mpe kipande cha kitambaa chenye rangi: leo atafunga lubega awe mchungaji wa Ngorongoro, kesho atambeba mtoto wa bandia mgongoni kama mama yake.

Akina mama wengi tumejifunza batiki katika vikundi. Ni kazi nzuri ya kuleta kipato, lakini rangi zake nyingi huhitaji kostiki soda. Sisi wauguzi tunaiogopa, hasa inapowekwa katika chupa ya soda. Mtoto akiinywa huunguza koo na njia ya chakula, na kovu lake laweza kumfanya ashindwe kumeza. Hilo likitokea, usimtapishe. Asukutue mdomo kwa maji, kisha mkimbize hospitali mara moja.

Kwa vitambaa vya kuchezea tunayo njia iliyo salama zaidi, nayo haina gharama hapa Karatu: maganda makavu ya vitunguu vya Mang'ola.

Kitambaa gani?

Hariri hushika rangi hii vizuri kuliko pamba. Tafuta skafu nyeupe kwenye mitumba. Ili kuitambua, choma uzi mmoja. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Nailoni na poliesta huyeyuka zikawa kidonge kigumu.

Namna ya kufanya

1. Fua kitambaa cha gramu 100. Yeyusha vijiko 2 vya chai vya shabu katika maji ya moto, ongeza maji ya baridi, kisha loweka kitambaa usiku kucha.

2. Chemsha maganda yenye uzito sawa na kitambaa kwa saa 1, kisha chuja.

3. Tia kitambaa kikiwa kimelowa. Weka moto mdogo kwa saa 1, maji yasitokote. Acha kipoe humo humo.

4. Suuza, kisha anika kivulini.

Utapata rangi ya dhahabu au hudhurungi. Bizari ya manjano nayo hutoa njano kali, ila hupauka upesi juani.

Tahadhari

Tumia sufuria usiyopikia chakula. Shabu iwekwe mbali na watoto. Vitambaa viwe vifupi, visifungwe shingoni, wala mtoto mchanga asiachiwe kitambaa kitandani.

Watoto wakubwa waachie kazi ya kukusanya maganda. Kitambaa walichosaidia kukitia rangi watakitunza wenyewe.