LANTANA: CHAKULA CHA NDEGE, SUMU YA NG'OMBE

Ndugu mfugaji, kile kichaka chenye maua ya rangi mchanganyiko kinachoota kandokando ya makorongo, kwenye kingo za msitu na kwenye mashamba yaliyoachwa ni lantana. Si mmea wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, ukaletwa kupamba bustani na kuzungushia nyumba. Sasa umeingia malishoni.

Ukitaka kuutambua, shika shina changa: lina pembe nne, na mara nyingi lina miiba midogo iliyopinda. Majani huota mawili mawili yakielekeana, yana meno pembeni na hukwaruza mkono. Yafikiche, utasikia harufu kali. Maua ni madogo, yamekusanyika kichwa kimoja. Yaliyofunguka karibuni, upande wa katikati, mara nyingi ni ya njano. Ya pembeni, yaliyotangulia, hugeuka ya chungwa, mekundu au ya waridi. Matunda ni kama shanga, ya kijani yakiwa mabichi na meusi yanayong'aa yakiiva. Wakatazeni watoto kuyala, hasa mabichi.

Tusiuonee mmea huu. Vipepeo na nyuki hufyonza maua yake, na ndege kama shore na kuzumburu hula matunda. Lakini hao hao ndege ndio wapandaji wake. Humeza tunda pamoja na mbegu, kisha huinya mbegu wanapotua. Ndiyo maana unakuta kichaka kipya chini ya mgunga uliosimama peke yake katikati ya mbuga. Kikisongamana huua nyasi, na kivuli chake huwa maficho ya mbung'o wanaoleta nagana.

Ng'ombe aliyezoea eneo kwa kawaida huukwepa. Hatari ni kiangazi nyasi zinapoisha, au kwa mnyama mgeni aliyetoka mnadani akiwa na njaa. Ng'ombe, kondoo na mbuzi wote hudhurika. Sumu hushambulia ini. Nyongo ikishindwa kupita, uchafu unaotokana na majani mabichi hubaki kwenye damu, na jua likipiga, ngozi huungua. Mnyama huacha kula, tumbo husimama, choo huwa kigumu, macho na fizi huwa manjano. Kisha ngozi ya pua, masikio na mabaka meupe huvimba, hupasuka na kubanduka. Kupaka dawa ya ngozi peke yake hakumponyi, kwa kuwa ugonjwa uko kwenye ini.

Mtoe malishoni mara moja, mweke kivulini, mpe maji, na mwite mtaalamu wa mifugo siku hiyo hiyo. Usingoje uone kama atapona mwenyewe: majani yaliyobaki tumboni huendelea kutoa sumu.

Kufyeka tu hakusaidii, maana lantana huchipua tena. Ing'oe na mizizi yake mvua ikishalainisha udongo, kabla matunda hayajaiva. Matawi usiyaache malishoni wala usiyafanye uzio wa zizi, kwa sababu hata majani makavu yana sumu. Anzeni karibu na zizi la ndama na njia ya kwenda majini, halafu mrudi msimu unaofuata kung'oa miche iliyoota chini ya miti wanakotua ndege.