Kamera moja, kompyuta zote za nyumbani: vifaranga na stoo vyaweza kuangaliwa bila bando

Na Mwandishi Wetu

MFUGAJI wa kuku katika miinuko ya Ngara anaufahamu usiku mmoja unaomnyima usingizi kuliko mwingine wowote. Vifaranga ni wa siku mbili, mvua inanyesha, na umeme unakatika saa nane.

Katika wiki ya kwanza vifaranga huhitaji joto la nyuzi 32 hadi 35 za sentigredi. Taa ikizimika huanza kukusanyika, wanapandana, na walioko chini wanakosa hewa. Asubuhi mfugaji anaokota mizoga kwa ndoo.

Dawa ya zamani ni kuamka kila baada ya saa moja na kwenda bandani na tochi. Kila mlango unapofunguliwa baridi inaingia, na ikifika siku ya nne mwenye banda amechoka kiasi kwamba analala hadi alfajiri.

Akiulizia msaada mjini, jambo la kwanza analoambiwa ni kununua seti nzima ya kamera za ulinzi. La pili ni kununua bando. Kwa banda lililo hatua thelathini kutoka chumba cha kulala, vyote viwili si lazima. Mwenye kompyuta ya mpakato, ruta ya waifai na kamera ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la USB, au simu ya zamani iliyotupwa kwenye droo kwa kuwa kioo kimepasuka, tayari ana karibu kila kitu.

Kinachowachanganya wengi ni kudhani kwamba mtandao wa nyumbani na intaneti ni kitu kimoja. Ruta ina kazi mbili. Inavileta nyumbani vitu vya nje, na kwa hiyo unalipia bando. Pia inaviunganisha vifaa vya ndani ya nyumba ili vizungumze vyenyewe kwa vyenyewe, na kazi hiyo haikatwi hata senti. Bando likiisha, kompyuta ya dukani bado inaweza kuiona kompyuta ya bandani.

Kwa wakazi wa Kabanga na Rusumo, ambako simu inaweza kudaka mawimbi ya nchi jirani badala ya ya kwetu, hiyo si habari ndogo.

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1991 watafiti wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikuwa na birika moja tu la kahawa, lililowekwa kwenye korido nje ya chumba kilichoitwa Trojan. Waliofanya kazi mbali na chumba hicho walikuwa wakitembea hadi huko na kukuta birika tupu. Quentin Stafford-Fraser na Paul Jardetzky wakaelekeza kamera kwenye birika, wakaiunganisha na kompyuta moja, na wakaandika programu iliyowawezesha wenzao kuona picha hiyo kila mmoja kwenye meza yake.

Picha haikuwa na rangi na ilibadilika takriban mara tatu kwa dakika. Birika halijazi kwa haraka, kwa hiyo ilitosha. Kwa miaka miwili picha hiyo ilizunguka ndani ya mtandao wa jengo peke yake. Ilipelekwa kwenye intaneti mwaka 1993, na kamera ikazimwa Agosti 2001. Birika lenyewe liliuzwa kwa mnada kwa zaidi ya pauni 3,000. (Mkulima wa kahawa wa Kagera ana haki ya kujiuliza kwa nini chombo kilipata bei nzuri kuliko kilichokuwa ndani yake.)

Mpango wa Cambridge ndio huu huu wa banda la Ngara. Kamera inachomekwa kwenye kompyuta moja, kompyuta hiyo inakuwa seva, na nyingine zinaomba picha kutoka kwake.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kwa kawaida kamera ya USB hukubali kutumiwa na programu moja kwa wakati mmoja. Ukiwa na Zoom imefunguka, programu nyingine itakuambia kamera inatumika. Kwa hiyo usijaribu kuigawa kamera yenyewe. Gawa picha yake. Programu moja inaishika kamera, inachukua picha, na kuziweka kwenye anwani ndani ya mtandao wa nyumbani. Kuanzia hapo watazamaji wawili au watano hawana tofauti kubwa.

Kwenye Windows zipo programu za bure za kazi hiyo, mojawapo ni Yawcam. Kwa simu ya zamani ya Android ipo programu iitwayo IP Webcam. Ukiiwasha, inakuandikia kwenye kioo anwani kama 192.168.1.20:8080. Anwani hiyo ndiyo unayoandika kwenye kompyuta ya dukani au simu ya chumbani, pale pale unapoandika anwani za kurasa za intaneti, na picha ya banda inatokea. Programu yenyewe ipakue mapema, maana hapo tu ndipo bando linapohitajika.

Yapo mambo matatu yanayokwamisha mafundi wasio na uzoefu. La kwanza, Windows huuliza kama programu iruhusiwe kwenye mtandao wa binafsi au wa umma. Ruhusu ule wa binafsi, na uhakikishe kompyuta inautambua mtandao wa nyumbani kuwa wa binafsi. Vinginevyo kompyuta nyingine zitagonga mlango uliofungwa. La pili, kompyuta ya mpakato hulala yenyewe baada ya dakika chache au kifuniko kinapofungwa, na ikilala picha inakufa; izuie kulala. La tatu, ruta inaweza kubadilisha anwani baada ya umeme kukatika. Jana ilikuwa 20, leo ni 23, nawe unadhani kamera imeharibika. Ruta nyingi zina sehemu ya kukihifadhia kifaa anwani yake ya kudumu.

Umbali nao una sheria zake. Waya wa USB wa kawaida haupaswi kuzidi mita 5, lakini waya wa mtandao unaotoka kwenye ruta unafika mita 100. Kwa hiyo usihangaike kurefusha waya wa kamera. Sogeza kompyuta karibu na kamera, kisha vuta waya wa mtandao. Waifai hupungua nguvu ikipita kuta za matofali ya kuchoma, na banda lililozungushiwa mabati ni kama sanduku la chuma. Pima kwanza kwa simu ukiwa ndani ya banda, mlango umefungwa.

Bandani, simu ya zamani ni bora kuliko kompyuta, kwa sababu vumbi la maranda na hewa kali ya kinyesi huimaliza mpakato upesi. Itundike juu, mbali na taa ya joto, na futa kioo cha kamera kila baada ya siku chache. Simu inayochajiwa mfululizo kwa wiki nyingi, tena kwenye joto, inaweza kuvimba betri. Mgongo ukianza kuinuka, itoe siku hiyo hiyo. Ni moto unaosubiri maranda.

Kinachotazamwa ni mkao wa vifaranga. Wakijibana chini ya taa, wana baridi. Wakikimbilia kutani huku wamepanua midomo, joto limezidi, pandisha taa. Wakijazana upande mmoja tu, tafuta upepo unaoingia. Kamera ya kawaida haioni gizani, lakini taa ya joto inatosha kuwaangaza. Picha ikiwa nyeusi ghafla, usianze kuchokonoa kompyuta. Taa imezimika, nenda bandani na jiko la mkaa lililokwisha kukolea, na uache pa kupitisha hewa, maana moshi usioonekana wa mkaa huua vifaranga na watu pia.

Kwa mfanyabiashara kazi ni nyingine. Tuchukue mwenye duka la nafaka Nyakanazi, wilayani Biharamulo, pale njia panda zinapokutana barabara za Kigoma, Kahama na Rusumo. Duka liko mbele, nyumba katikati, stoo ya mahindi na maharage nyuma. Lori linapakia wakati yeye yuko kaunta na wateja watano wanamsubiri. Gunia moja likipita bila kuandikwa, faida ya siku imekwenda.

Kamera moja ikitazama mlango wa stoo, kompyuta ya kaunta inamwonyesha makuli wanavyotoka, na mke wake anaona vilevile kwenye simu akiwa jikoni. Wakihesabu wawili, ubishi na dereva unapungua. Hata hivyo, picha ya moja kwa moja inamfaa anayeitazama tu. Akitaka kurejea jambo la jana, lazima arekodi, na picha ya kiwango cha megabiti 1 kwa sekunde hujaza karibu gigabaiti 11 kwa siku. Ni nafuu kuiambia programu irekodi pale tu kitu kinapotikisika mbele ya kamera.

Kasi hiyo hiyo ndiyo inayomkomoa anayetaka kutazama stoo akiwa safarini Mwanza au Bukoba. Ndani ya nyumba haina gharama ya bando. Ikitoka nje kupitia laini ya simu, ni takriban megabaiti 450 kwa saa, na laini mbili zinalipa, ya nyumbani inayotuma na ya safarini inayopokea. Picha moja tulivu ya kilobaiti 50 kila dakika ni megabaiti 3 tu kwa saa. Kwa kuangalia kama mlango umefungwa, picha moja kwa dakika inatosha.

Lakini kabla ya kufungua njia ya nje, msomaji afikirie mara mbili. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka mamia ya maelfu ya vifaa duniani, vingi vikiwa kamera na ruta, kwa kujaribu tu maneno ya siri yaliyowekwa kiwandani. Wenyewe walikuwa hawajayabadilisha. Fundi akikuambia anafungua mlango kwenye ruta ili uone ukiwa popote, maana yake na mwingine yeyote aliyeko popote anaweza kuubisha. Mwizi aliyezoea kuzunguka ukuta akitafuta upenyo atafurahi kuonyeshwa stoo ikiwa imejaa siku gani.

Badilisha neno la siri la ruta na la programu ya kamera, na usimpe mteja waifai ile ile inayobeba kamera. Ruta nyingi zinaweza kutoa waifai ya pili kwa ajili ya wageni.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahusu pia sura za watu. Inawataka wanaokusanya taarifa za namna hiyo kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Vifaranga hawana malalamiko, lakini wateja na makuli ni watu. Weka tangazo la maandishi kwamba kuna kamera, na usiielekeze kwenye ua wa jirani wala chumba anacholala kijana wako wa kazi.

Linabaki suala la umeme. Maporomoko ya Rusumo sasa yana mitambo ya megawati 80 inayogawanywa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, lakini nguzo moja ikianguka kwa mvua, mwenye banda hasaidiwi na megawati hizo. Umeme ukikatika, mpakato una betri yake na simu ina yake, ila ruta inazimika pale pale, na mtandao mzima unakufa pamoja nayo. Ruta hutumia umeme mdogo, nyingi chini ya wati 10, kwa hiyo betri ndogo ya volti 12 inaweza kuiendesha usiku kucha, mradi uhakikishe kwanza adapta yake imeandikwa volti 12 na si 9 au 5.

Jaribio lifanyike mchana, kabla vifaranga hawajafika. Zima swichi kuu ya nyumba, keti chumbani na simu yako, na uhesabu ni dakika ngapi picha ya banda inaendelea kuonekana.