Kusikia kupitia mfupa: nani anaweza kusaidiwa?

Mchuuzi wa ndizi katika soko la Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira, asiposikia bei anayotajiwa hupoteza mteja. Baadaye huanza kukwepa chama, hata matanga ya jirani, kwa kuchoka kuuliza, "Umesemaje?"

Watu wazima wengi wenye shida hii waliugua sikio la usaha utotoni. Kifaa cha kawaida cha kusikia huziba tundu la sikio, unyevu hubaki ndani na usaha hurudi. Kifaa huishia kabatini.

Kifaa cha mfupa hakipitii tundu hilo. Daktari hupandikiza skrubu ndogo ya titaniamu kwenye fuvu, nyuma ya sikio. Mfupa ukishaishika, kifaa hupachikwa hapo na kupeleka mtetemo hadi sikio la ndani. Wagonjwa wa kwanza walihudumiwa Gothenburg, Uswidi, mwaka wa 1977.

Si kila asiyesikia atafaidika, kwani ni lazima sikio la ndani liwe bado linafanya kazi. Vizuri ni kwamba mtu anaweza kukijaribu kwanza kikiwa kwenye mkanda wa kichwani, bila kupasuliwa.

Upasuaji wenyewe ni ghali na wataalamu wake ni wachache. Wakazi waanzie kituo cha afya kilicho karibu, wapate rufaa ya kliniki ya masikio, pua na koo. Kwa sasa, sikio linalotoa usaha lisitiwe mafuta wala kuchokorwa kwa njiti ya kiberiti.