Udhahiri wa Picha za Njia za Lugha Ubongoni

Mwanaisimu azungumziapo makao ya lugha ubongoni hutaja maeneo ya Broca na Wernicke. Nyuzi ziyaunganishazo hazikuweza kufuatiliwa katika mtu aliye hai mpaka ilipopatikana picha ya MRI ipimayo mtawanyiko wa maji. Maji husambaa kwa wepesi zaidi kufuata urefu wa nyuzi kuliko kuzikata. Mwaka 1994 Peter Basser na wenzake walionyesha namna ya kukokotoa uelekeo huo.

Lakini picha hiyo hujengwa kwa vijisanduku vyenye upande wa milimita 2 hivi, na kila kimoja hubeba maelfu ya nyuzi, pengine zikipishana. Mbona basi visipunguzwe? Upande ukipunguzwa nusu, ishara hubaki sehemu moja ya nane tu, ikamezwa na kelele za mtambo. Mradi wa Human Connectome, huko Marekani, ulifikia milimita 1.25 kwa mitambo maalumu. Watafiti wa University College London wakaifunza kompyuta kwa picha hizo, ili ikisie udhahiri uliokosekana katika picha hafifu.

Hapo tahadhari yafaa, kwani kikisiwacho kimetoka katika bongo za watu wengine. Njia isiyo ya kawaida, ambayo mchunguzi wa afasia huitafuta hasa, yaweza kusawazishwa ikafanana na ya wengi.