Utu Uzima Bila Ngariba
Desemba inapokaribia, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, wasichana wengi wa Kikurya huko Tarime na Serengeti huishi kwa hofu. Ndio msimu wa ukeketaji. Sheria ya Tanzania ya mwaka 1998 inaukataza kwa walio chini ya miaka 18, lakini wembe haujawekwa chini.

Kituo cha Masanga, wilayani Tarime, hakikuishia kukataza. Wakati wa likizo wasichana hukaa kambini, wakafunzwa mila njema za Wakurya, afya na haki zao, kisha hufanyiwa sherehe ya kuingia utu uzima bila ngariba. Huko Mugumu, Serengeti, mwanaharakati Rhobi Samwelly amefungua nyumba salama kwa wanaokimbia makwao.

Hiyo ndiyo njia sahihi: sherehe ibaki, wembe uondoke. Wazazi, wapelekeni mabinti zenu kambini.