Mnunua bunduki si mwindaji

Katika jimbo la Wisconsin huko Marekani, Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Shukrani, mwezi Novemba, watu kwa maelfu huamka usiku wa manane na kuingia msituni katika baridi kali, bunduki begani. Msimu wao wa siku 9 umeanza. Wanamtafuta kulungu wa mkia mweupe, ambaye si kulungu tumjuaye sisi. Dume lake huota pembe zenye matawi na kuziangusha kila mwaka.

Tuseme miongoni mwao yumo mtu mwenye bunduki mpya, ambaye hajapata kuua mnyama. Anahitaji nini ili afanikiwe? Wengi tutajibu: shabaha. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi.

Kwanza, bunduki mpya iliyofungwa darubini haipigi pale inapoelekezwa mpaka irekebishwe. Mwenyewe hana budi kwenda uwanja wa shabaha, aiegemeze juu ya mfuko wa mchanga, apige risasi tatu kwenye kibao kilicho umbali wa mita 90 hivi, kisha azungushe vifundo vya darubini mpaka matundu yaingie katikati. Asiyefanya hivyo humjeruhi mnyama akaenda kufia vichakani kwa mateso. Kwa mwindaji wa kweli, hiyo ni aibu kuliko kurudi mikono mitupu.

Pili, ipo sheria. Aliyezaliwa tangu mwaka 1973 hutakiwa kwanza kupata mafunzo ya usalama, isipokuwa akiwinda chini ya mlezi mzoefu. Lazima awe na leseni, na avae nguo ya rangi kali ya kung'aa ili mwenzake asimdhanie mnyama. Akishaua, humwandikisha mnyama wake serikalini. Nyama atakula na jamaa zake, lakini kuiuza ni marufuku, kwani ni biashara ya nyama na ngozi iliyokaribia kuwamaliza kulungu hao katika karne ya 19.

Tatu, zipo fedha. Bunduki za kuwindia na risasi hutozwa kodi ya asilimia 11, na tangu sheria ya mwaka 1937 mapato yake hurudishwa majimboni kutunza wanyamapori. Jimbo linalochukua ada za leseni za uwindaji na kuzitumia kwa mambo mengine hupoteza haki ya fungu hilo.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977; Tanzania huuruhusu kwa leseni. Njia ni mbalimbali, lakini swali ni moja: nani alipe gharama ya kumlinda mnyama? Kule Wisconsin, mwenye bunduki huanza kulipa kabla hajafyatua risasi ya kwanza.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nasi tuongeze: mnunua bunduki si mwindaji, mpaka ajue pia wakati wa kuishusha bila kufyatua.