Kamera Zinatazama Eneo la Kazi, Mradi Umekwama Ofisini

Kila ninapozungumza na watu wasio wahandisi hapa Kampala, swali huja kabla sijamaliza sentensi ya pili: kwa nini Ikulu isifungwe skrini kubwa, miradi yote ya barabara na umeme ionekane humo kwa kamera na droni, Rais akimwona mkandarasi anazembea ampigie simu papo hapo? Nimeulizwa hivyo na wanafunzi, na wafanyabiashara wa Kikuubo, na mheshimiwa mmoja aliyepaswa kujua zaidi. Siku hizi kuna hata vijana wanaouza programu za namna hiyo, zenye vidoti vyekundu, vya njano na vya kijani juu ya ramani.

Swali hilo linachukulia kwamba mradi hukwama kwa sababu mkubwa haoni. Anaona sana. Tangu 2008 Wizara ya Fedha ina kitengo kizima cha kufuatilia bajeti na uwajibikaji, kile kinachoitwa BMAU, ambacho watu wake huzunguka nchi kutembelea miradi na kuandika ripoti. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huandika zake. Kamati za Bunge huenda, wawakilishi wa Rais wilayani huenda, Ofisi ya Waziri Mkuu huenda, na tangu Desemba 2018 Ikulu ina kitengo chake cha kupambana na ufisadi. Malipo ya serikali yenyewe hupita kwenye mfumo wa kompyuta, na si tangu jana. Sasa fungua ripoti yoyote kati ya hizo uone sababu zinazotajwa: fidia ya ardhi haijalipwa, mabomba ya maji na nguzo za umeme hazijahamishwa, hati ya malipo ya mkandarasi imelala mezani. Droni ikirushwa kesho italeta picha ya greda lililosimama. Kwamba limesimama tunajua; hata mama muuza ndizi wa pale kando anajua, na anajua tangu lini.

Kumfungia mkandarasi kamera ni kumkodolea macho mpishi wakati ufunguo wa stoo umeondoka na mwenye nyumba.

Chukueni barabara ya Northern Bypass, ambayo wengi wenu mmeilaani mkiwa kwenye foleni ya Kalerwe. Kazi ya kuipanua ilianza 2014, mkandarasi akiwa Mota-Engil ya Ureno, fedha za Ulaya zikiwa zimeshapatikana, muda ukiwa miaka mitatu. Ilichukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Ardhi ilikuwa haijapatikana yote. Mkandarasi anayekabidhiwa eneo kwa vipande hufanya kazi kwa kurukaruka: anamwaga kifusi hapa, anaruka nyumba yenye mgogoro, anaanza tena mbele, anarudi. Kila kuruka kuna gharama, na mkataba unamruhusu kuidai.

Hapo ndipo wapenda skrini huniambia, basi Rais aamuru watu waondoke. Hawezi, na ni vizuri kwamba hawezi. Ibara ya 26 ya Katiba inataka fidia ya haki ilipwe kabla serikali haijaishika ardhi. Mwaka 2015, katika kesi iliyohusu barabara ya Hoima–Kaiso–Tonya, Mahakama ya Juu ilisema kifungu cha Sheria ya Utwaaji Ardhi kilichoruhusu serikali kuingia kwanza na kulipa baadaye kinapingana na Katiba. Serikali ilipojaribu mwaka 2017 kuibadilisha Katiba ili iweze kuweka pesa mahakamani na kuanza kazi wakati mwenye ardhi akiendelea kubishania kiasi, nchi ilipiga kelele na muswada haukupita. Wahandisi wenzangu wananung'unikia hukumu ile mpaka leo. Mimi siwaungi mkono. Kosa ni kusaini mkataba wa ujenzi huku ukijua kwamba sheria inakutaka ulipe kwanza, nawe hujatenga pesa ya kulipa.

Tena ardhi yenyewe iko Buganda. Kiwanja kimoja kina mwenye hati ya mailo, yaani mmiliki wa ardhi, juu yake wenye kibanja, yaani wakazi wenye haki ya kukaa hapo, waliokaa miaka arobaini, juu yao wapangaji. Mwenye hati keshafariki, mirathi haijafunguliwa, na mtoto mmoja ameweka hati rehani benki. Wote wana madai, na ripoti ya tathmini lazima ipite kwa Mthamini Mkuu wa Serikali, ambaye meza yake ina ripoti za nchi nzima. Nionyesheni kamera inayopiga picha ya mirathi.

Ugonjwa wa pili wa skrini ni asilimia. Karuma, bwawa la megawati 600, lilianza kujengwa 2013 na Rais mwenyewe akaweka jiwe la msingi. Lilitakiwa kuisha Desemba 2018. Lilizinduliwa Septemba 2024. Katika miaka yake ya mwisho liliripotiwa kuwa limepita asilimia 98, mwaka baada ya mwaka, na namba hiyo ilikuwa ya kweli! Zege lilikuwa limemwagwa. Kilichobaki ni kasoro za kurekebisha, majaribio ya mitambo na njia za kuusafirisha umeme, ambazo nazo zilikuwa na fidia zake. Asilimia hupima zege na nondo. Mabishano ya nani atakubali kasoro gani hayana mita za ujazo. Dashibodi ingeipaka Karuma kijani muda wote huo.

Na wala asiniambie mtu kwamba mkubwa hakujali. Mradi wenye baraka za juu kuliko Karuma ni nadra. Kama baraka zingetosha, hospitali ya Lubowa, ambayo Bunge liliiidhinishia hati za ahadi za dola milioni 379 Machi 2019, ingekuwa inapokea wagonjwa zamani. Huko wabunge waliokwenda kukagua wamewahi kuzuiwa langoni.

Amri ya mkubwa husaidia pale kizuizi kinapokuwa kimoja na kiko mkononi mwa anayeamriwa. Aprili 2023 wakazi wa Kampala walipofanya maonyesho ya mashimo ya barabarani mtandaoni, Rais aliagiza shilingi bilioni 6 zitolewe haraka na mashimo yakaanza kuzibwa. Barabara mpya ina vizuizi kumi, wizara tano, na hakuna waziri anayeweza kumwamuru mwenzake.

Ndiyo maana nawaheshimu Wahindi kwa PRAGATI, ambayo wauza programu wetu huitaja bila kuielewa. Narendra Modi aliianzisha Machi 2015. Ndiyo, ina video, ramani na takwimu. Lakini kiini chake ni kikao: waziri mkuu upande mmoja, makatibu wa wizara na makatibu wakuu wa majimbo upande wa pili, wote kwa wakati mmoja. Vikwazo hupelekwa siku kadhaa kabla, kwa hiyo kila mmoja anafika akijua ataulizwa nini, na wa misitu hawezi kumtupia lawama wa reli kwa sababu wa reli yuko palepale. Kinachoamuliwa huandikwa na kufuatiliwa. Tanzania ilikuwa na mpango wa Matokeo Makubwa Sasa kuanzia 2013, kwa mfano wa Malaysia; serikali ya Awamu ya Tano haikuuendeleza. Sisi tulipata kitengo cha utekelezaji kwa Waziri Mkuu enzi za Ruhakana Rugunda. Vitengo hivi huishi kadiri mkubwa anavyoendelea kuhudhuria. Akianza kutuma naibu, naibu naye hutuma karani.

Mnataka nini kifanyike? Haraka basi. Usisaini mkataba wa ujenzi kabla sehemu kubwa ya ardhi haijalipiwa na iliyobaki haijajulikana ni ya nani. Droni itumike siku ya kufunga orodha ya fidia, ili vibanda vinavyoota usiku baada ya tangazo visiingie hesabuni. Hamisha mabomba na nguzo mwaka mmoja kabla, kwa mkataba wake wenyewe. Mpe Mthamini Mkuu watu wa kutosha; hakuna programu yenye faida kama wathamini ishirini. Mfumo wa kompyuta tunao, ila badilisheni kinachoingizwa: badala ya asilimia, andika uamuzi unaosubiriwa, jina la anayeusubirisha na tarehe ulipofika kwake. Ukizidi siku thelathini upande wenyewe kwenye kikao cha Waziri Mkuu, bila mtu kuuombea. Mkopo usisainiwe mradi ukiwa bado karatasini, kwa sababu mkopo uliosainiwa na haujatumika hutozwa ada, na Mkaguzi Mkuu amelisema hilo mpaka amechoka. Na hati ya malipo ihesabiwe siku kama maziwa dukani: mkandarasi asiyelipwa hupunguza vibarua kwanza, kisha hudai riba, na riba hiyo hukatwa kwenye pesa ya barabara inayofuata.